Kadi ya Mkwajuni na mashine iliyosoma bila kulala

Nilifanya kazi ya kadi kwa miaka 23, katika maktaba moja ya mkoa. Vijana wengi hawajapata kuziona kadi hizo, kwa hiyo nizieleze kwanza. Ni vipande vya karatasi ngumu, ukubwa wa kiganja, vilivyopangwa kialfabeti ndani ya droo ndefu za mbao. Kila kadi ina tundu chini, na ufito wa chuma umepita kwenye matundu yote ili mtu asiondoke na kadi. Kitabu kikifika, mmoja wetu anakishika. Hakisomi chote. Anasoma jalada, dibaji, yaliyomo na kurasa mbili tatu za ndani, kisha anaandika kwenye kadi kwamba kinahusu nini, mahali gani, wakati gani. Nyuma ya kadi anaweka herufi za jina lake na tarehe. Msomaji akija kutafuta habari za mikarafuu haendi moja kwa moja rafuni, anakwenda kwenye droo. Kisichokuwamo kwenye droo, kwake hakipo duniani.

Mwaka wangu wa 3 kazini kililetwa kijitabu chembamba, kimepigwa chapa kwa taipureta na kushonwa kwa uzi, habari za kilimo na uvuvi wa Mkwajuni na vijiji vya jirani. Mkwajuni mojawapo iko Unguja, mkoa wa Kaskazini. Nyingine iko bara, siku zile ikihesabiwa Wilaya ya Chunya, leo Songwe. Mimi niliijua ya bara, kwa sababu nilikuwa na jamaa aliyewahi kufanya kazi huko. Niliona neno uvuvi nikasema moyoni, Ziwa Rukwa haliko mbali. Nikaandika Chunya, nikaichomeka kadi, nikashika kitabu kingine.

Baadaye ilikuja ripoti ya Mkwajuni. Mwenzangu hakujua aiweke wapi, akafungua droo, akakuta kadi yangu, akaifuata. Yakaja makala mawili, naye mwingine akafuata kadi mbili. Kila aliyekuja alikuwa na ushahidi zaidi kuliko aliyetangulia, na ushahidi wote ulikuwa ni mimi.

Aliyetutoa gizani ni mwalimu mstaafu kutoka Unguja, aliyekuja kutafuta maandishi ya kwao akayakuta yamehamia bara. Nilimpa shikamoo, akaitikia kwa upole, akafungua kile kijitabu kwenye ukurasa wa nne. "Mwanangu," akaniuliza, "huko ziwani kwenu mwavua ngisi?"

Neno ngisi lilikuwa pale tangu siku ya kwanza. Sikulifikia.

Nimeanza na jambo hili kwa sababu ndilo lililonifanya niifuatilie historia ya mashine zinazofundishwa kusoma. Miaka kadhaa baadaye, binti wa mdogo wangu, aliyekuwa akisoma kompyuta chuoni, alikuja nyumbani likizo akaniambia, "Mama mkubwa, Marekani kuna mashine inafanya kazi yako. Inasoma mtandao mchana na usiku, na kila inachokisoma inakiandikia kadi." Nikamuuliza swali moja tu: nani anaisahihisha? Hakuwa na jibu, nami nikaanza kutafuta. Aliniletea makala za kitaalamu, tukazisoma pamoja polepole, yeye akinifafanulia hesabu, mimi nikimfafanulia mambo ya kadi.

Watu wa kwanza waliotaka kompyuta ijue mambo ya dunia walifanya kama tulivyofanya sisi maktabani: waliandika kwa mkono. Mwaka 1984, huko Austin, Texas, Douglas Lenat alianzisha mradi ulioitwa Cyc. Yeye na wenzake walikaa wakiiandikia mashine, moja baada ya jingine, yale mambo ambayo hakuna kitabu kinachojisumbua kuyasema kwa kuwa kila mtoto anayajua: kwamba mtu hawezi kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja, kwamba kikombe kikipinduliwa kilichomo kinamwagika. Kazi hiyo ilifikia mamilioni ya kanuni, na Lenat alidumu nayo karibu miaka 40, hadi alipofariki mwaka 2023. Wako waliomcheka. Mimi simcheki, kwa maana najua uzito wa kukaa mbele ya droo. Ila najua pia kwamba vitabu huja kwa kasi kuliko mkono wa anayeviandikia kadi.

Njia nyingine ilifunguliwa na mwanamke mmoja kwa jambo linaloonekana dogo. Mwaka 1992, katika mkutano wa wataalamu wa lugha na kompyuta uliofanyika Nantes, Ufaransa, Marti Hearst alionyesha kwamba mwandishi anapoandika "vitu fulani, kama vile hiki na kile", amekwisha kukupa ukweli bila kukusudia. Mfano wake ulitoka Afrika. Aliutoa kwenye ensaiklopidia: sentensi inayotaja ala ya nyuzi ya jamii ya zeze, kisha ikataja kama vile ndang ya Wabambara. Hearst akasema, msomaji ambaye hajapata kuisikia ndang maishani mwake, akimaliza sentensi hiyo anajua kwamba ndang ni ala ya aina hiyo. Hakuna aliyemfundisha. Amejifunza kwa umbo la sentensi tu. Basi na mashine iambiwe itafute umbo hilo, ikusanye.

Nilipoisoma hoja hiyo nilichukua magazeti ya zamani na penseli, nikaijaribu kwa Kiswahili. Mwanzoni nilifurahi kama mtoto. Mazao ya biashara kama vile korosho, pamba na kahawa. Magonjwa kama vile malaria na kipindupindu. Miji kama vile Tanga, Moshi na Iringa. Ningekuwa mashine ningekwisha kujua mazao, magonjwa na miji, kila kitu na droo yake, bila kukijua Kiswahili chenyewe. Nikafika kwenye ukurasa wa michezo. Wachezaji kama vile wamechoka. Penseli ikasimama. Kwa umbo hilohilo mashine ingeandika kwamba yuko mchezaji anayeitwa Wamechoka.

Hapo ndipo lugha yenyewe inapotoa msaada ambao mtu wa Kiingereza hana. Neno lililoanza na *wa-* likafuatwa na *-me-* limejitangaza kuwa kitenzi, na mashine inaweza kufundishwa kulikwepa. Upatanisho wetu pia ni hazina. Ukisoma "simba ameua ng'ombe wawili" na "Simba imeshinda ugenini", hiyo *a-* na hiyo *i-* zimekwisha kukwambia yupi ni wa porini na ipi ni timu ya Kariakoo. Paa akikimbia ni mnyama, paa likivuja ni la nyumba. Jina la mahali likiishia na *-ni* limevaa sare yake: Mkwajuni, Mwembeni, Mnazini. Nilimwambia binti yangu huyo kwamba anayetaka kuifundisha mashine kusoma Kiswahili aanze na ngeli. Akanijibu kwa jina moja: Azam. Timu imeshinda, kampuni imezindua, televisheni imeonyesha, zote zina *i-*. Nikanyamaza. Zaidi ya hayo, watangazaji wengine husema "Simba wameshinda", na alama niliyoitegemea inafifia.

Baada ya Hearst, hatua iliyonishangaza zaidi ni ya mwaka 1998. Sergey Brin, akiwa bado mwanafunzi Stanford na Google ndiyo kwanza inazaliwa, aliipa kompyuta vitabu 5 tu pamoja na majina ya watunzi wake. Miongoni mwao walikuwamo Shakespeare na Dickens, na Isaac Asimov, mtunzi wa hadithi za kisayansi. Kompyuta ikaambiwa: tafuta mahali popote mtandaoni ambapo jina hili na kitabu hiki vimeandikwa karibukaribu, angalia vimeandikwa kwa mtindo gani, kisha utumie mtindo huo kutafuta vitabu vingine. Ukivipata, navyo viwe mbegu mpya, zunguka tena. Mwisho wa safari vile vitabu 5 vilikuwa vimekuwa zaidi ya 15,000.

Ukiingia ndani ya hesabu unaona kitu. Mbegu zilizozaa mitindo ya mwanzo zilikuwa zile za hadithi za kisayansi, kwa sababu mashabiki wa vitabu hivyo walikuwa wamekwisha kuweka orodha ndefu mtandaoni. Shakespeare na Dickens katika mzunguko ule wa kwanza hawakuzaa kitu. Mashine hujua kile ambacho kuna mtu aliyekipenda kiasi cha kukiorodhesha. Katika mizunguko ya baadaye vikajitokeza vitabu vilivyodaiwa kutungwa na mwandishi mmoja ambaye jina lake, kwa Kiswahili, ni "Hitimisho". Neno tu lilikuwa limegeuka mtu mwenye vitabu vyake. Brin aliviondoa kwa mkono, na huo ndio mkono pekee wa mtu ulioingia katika kazi hiyo.

Niliposoma habari ya Bwana Hitimisho nilimkumbuka ngisi. Kumbe ugonjwa ni uleule: mashine inafundishwa na yale iliyoyaokota yenyewe, na kosa moja likishaingia linakuwa mwalimu. Wataalamu huita hali hiyo kupeperuka kwa maana. Kamba imekatika, jahazi linakwenda na mkondo, na aliyemo ndani hahisi kitu kwa sababu kila wimbi linafanana na lililopita.

Mwaka huohuo wa 1998, Tom Mitchell wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, kilichoko Pittsburgh, aliandika na Avrim Blum wazo la kutumia mashahidi wawili. Walikuwa wakitaka kompyuta itambue kurasa za kozi za vyuo vikuu. Shahidi mmoja alikuwa maneno yaliyomo ndani ya ukurasa, wa pili maneno ya viungo vinavyoelekeza kwenye ukurasa huo kutoka kwingine. Kila mmoja anaona upande wake, na kila mmoja anamfundisha mwenzake. Mwandika kadi yeyote angelielewa wazo hili mara moja. Laiti mimi ningekuwa na shahidi wa pili siku ile, mtu asiyetazama droo yangu bali aliyesoma kijitabu upya, kadi ya Mkwajuni isingepita.

Kutokana na wazo hilo ndipo ilipozaliwa ile mashine aliyoniambia binti yangu. Iliitwa NELL, ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya mjifunza lugha asiyekoma. Ilianza kazi Januari 2010, saa 24 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo. Kundi la Mitchell liliipa mafungu 123 ya vitu, kama vile miji, makampuni, wanariadha na timu, pamoja na aina 55 za uhusiano: nani anachezea timu gani, kampuni ipi ina makao katika mji gani. Kwa kila fungu iliwekewa mifano 10 hadi 15 ya kuanzia, mbegu. Ikapewa kurasa milioni 500 za mtandao pamoja na ruhusa ya kutafuta nyingine. Wakaiambia isome.

Ndani yake walikuwamo wasomaji wanne. Wa kwanza alisoma sentensi na kutafuta mitindo, kazi ya Hearst. Wa pili alisoma orodha na majedwali ya kurasa. Wa tatu aliangalia sura ya neno lenyewe: limeanza kwa herufi kubwa, linaishia vipi. Wa nne alitafuta kanuni, mathalani mchezaji akiwa wa timu fulani na timu hiyo ikiwa ya ligi fulani, basi huenda mchezaji naye ni wa ligi hiyo. Kila mmoja alipeleka mapendekezo yake. Pendekezo lililoletwa na msomaji mmoja mwenye uhakika wa zaidi ya asilimia 90 lilipokewa. Lenye uhakika mdogo lilipokewa iwapo wasomaji zaidi ya mmoja wamelileta. Juu yao paliwekwa makatazo: kilichokwisha kuitwa mji kisiitwe mtu, na anayesemwa anachezea timu lazima awe mwanariadha, na hiyo timu iwe timu. Kosa moja likitaka kuingia, lilipaswa kuyapita makatazo yote.

Kile kilichopokelewa waliita imani. Nililipenda neno hilo. Hawakusema mashine imejua, walisema imeamini, na kila imani ilikuwa na kiwango chake cha uhakika, mzunguko ilioingilia, na chanzo kilichoileta. Ni kadi kamili, mbele na nyuma.

Baada ya siku 67 ilikuwa na imani 242,453, na kwa makadirio ya walioikagua, asilimia 74 zilikuwa za kweli. Mtu anaweza kuishia hapo akapiga makofi. Lakini wale watafiti waliigawanya safari hiyo mara tatu, na hili nawapongeza kwa moyo wote, kwa sababu si kila mtu huonyesha upande wa nyuma wa kitambaa chake. Katika theluthi ya kwanza imani zilizoingia zilikuwa sahihi kwa asilimia 90. Katika ya pili, 71. Katika ya mwisho, 57. Kadiri ilivyosoma ndivyo ilivyozidi kukosea. Sehemu ya sababu ni kwamba ilianza na mambo rahisi, yakabaki magumu. Sehemu nyingine ni kanuni moja iliyokuwamo wakati ule: jambo likishapokewa kuwa imani, halikuondolewa tena.

Nilipofika kwenye sentensi hiyo niliivua miwani. Fikiria droo ambayo kadi zinaingia lakini hakuna anayeruhusiwa kuufungua ule ufito wa chuma.

Kosa lake lililopata umaarufu, hata likaandikwa katika gazeti la New York Times Oktoba 2010, ni la biskuti. NELL ilikuwa na fungu la vitu vinavyookwa: mikate, keki, na zile biskuti ambazo Wamarekani huziita kuki. Mtandaoni ikakutana na kuki za intaneti, yale mafaili madogo ambayo tovuti huyaacha ndani ya kompyuta yako ili ikutambue ukirudi. Jina ni kuki, basi ikaziweka tanurini pamoja na keki. Kisha ikasoma watu wakiandika kwamba wamefuta kuki zao. Ikatazama nini kingine watu hufuta, ikaona mafaili. Basi na mafaili ya kompyuta yakawa vitu vya kuokwa, na kutoka hapo kosa likaendelea kumwagika.

Kwa Kiswahili shimo hilo halipo. Biskuti ni biskuti, na yale mafaili wafasiri wetu waliyaita vidakuzi, neno linalonikumbusha udaku, kana kwamba linasema waziwazi kazi ya kitu hicho: kuchungulia na kutoa habari zako. Aliyelibuni anastahili asante. Lakini tusijione tumesalimika. Sisi tuna kaa wa baharini na kaa la moto, tuna mbuzi wa maziwa na mbuzi ya kukunia nazi. Siku mashine itakapokosea upatanisho mara moja tu, mbuzi ya kukunia nazi itaanza kuzaa mapacha.

Na sasa jibu la swali langu, nani anaisahihisha. Kwa miezi 6 ya mwanzo, hakuna. Ilipofika wakati huo, robo tatu ya mafungu yake yalikuwa yamekwenda vizuri sana, usahihi wa asilimia 90 hadi 99. Robo iliyobaki iliharibika, mengi yakishuka hadi kati ya 25 na 60. Kuanzia Juni 2010 watafiti wakajiwekea desturi. Kila baada ya wiki chache walikaa, wakapitia kila fungu kwa dakika 5 hivi. Likiwa linakwenda sawa waliliacha. Likiwa limepotoka waliweka alama kwenye makosa yale yanayopiga kelele, basi, wakaiacha iendelee. Baadaye umma nao uliruhusiwa kuzitazama imani mpya na kubonyeza kwamba hii kweli, hii si kweli.

Dakika 5 zinaonekana si kitu, lakini mimi nimezifanya dakika hizo. Mwalimu yule wa Unguja alitumia pungufu ya 5. Siri ni kwamba mtu anayekijua kitu hahitaji kusoma droo nzima. Anatia jicho kwenye orodha ya vitu vya kuokwa, anakutana na mafaili ya kompyuta, anashtuka. Mashine ile ilikuwa na mambo mengi lakini haikujua kushtuka, na mpaka leo naona hicho ndicho kipimo cha msomaji, awe mtu au chuma.

NELL iliendelea kusoma miaka mingi. Kufikia mwaka 2018 watafiti waliandika kwamba hazina yake imefika imani milioni 120, zenye uhakika mkubwa na mdogo, na kwamba imejifunza hata kupanua mafungu yake yenyewe. Mwenzao Estevam Hruschka, Mbrazili, alipeleka wazo hilohilo kwenye Kireno. Baadhi ya kadi za NELL, zilizochukuliwa katika mzunguko wa 995, zimekuwa mtihani ambao watafiti wa nchi nyingine huzipa mashine zao mpya.

Lakini mkondo wa dunia ulikuwa umekwisha kugeuka. Mashine zinazosifiwa leo, zile unazoziuliza swali zikakujibu kwa aya nzima, haziandiki kadi. Zinasoma maandishi mengi mno kuliko zile kurasa milioni 500, zikijifunza kubashiri neno linalofuata, na kile zinachokijua kimetandazwa ndani ya mabilioni ya namba. Zinazungumza vizuri kuliko NELL, hilo halina ubishi. Nimeziuliza mambo, na Kiswahili chake kinazidi kunyooka. Ila huwezi kuvuta droo. Zikiamini kwamba Mkwajuni ya ngisi iko kando ya Ziwa Rukwa, hakuna kadi ya kuitoa wala herufi za jina nyuma yake. Binti yangu ananiambia kuna watu wanalishughulikia jambo hilo, wengine kwa kuziunganisha mashine hizo na hazina zenye vyanzo. Nawaombea wafanikiwe. Kwangu mimi, imani ambayo huwezi kuonyeshwa ilikotoka haijastahili kuingia droo.

Kuna jambo la pili linaloniuma zaidi. NELL ya Pittsburgh ilisoma Kiingereza. Chochote ilichokiamini kuhusu Tanga au Lamu ilikipata kwa watu walioandika habari za Tanga na Lamu kwa Kiingereza. Sisi tunaoyajua mambo hayo kwa Kiswahili hatukuwa hata mbegu. Hali imeanza kubadilika, na wanaoibadilisha ni Waafrika wenyewe. Mwaka 2021 watafiti wa mtandao wa Masakhane walitoa mkusanyo wa habari katika lugha 10 za Afrika, Kiswahili kikiwamo pamoja na Kinyarwanda, Kiganda na Kijaluo, ambamo watu waliketi wakaweka alama kwa mkono: hili jina la mtu, hili la mahali, hili la taasisi, hii tarehe. Ni kazi ya kadi. Wao wameifanya upya, kwa lugha zetu.

Binti wa mdogo wangu amewahi kufanya kazi ya namna hiyo katika mradi mwingine, na jioni kadhaa nilikaa naye. Sentensi inatokea kwenye kioo, yeye anaweka rangi juu ya majina. Siku moja ilitokea habari ya msiba: marehemu alizikwa Mwembeni. Akaweka rangi ya mahali, akataka kusogea mbele. Nikamshika mkono. Mwembeni ipi? Akacheka, akasema mradi haumwambii aseme ni ipi, unamwambia aseme ni mahali. Nikamwambia andika hivyo, lakini kumbuka. Tuliitafuta habari hiyo mwanzo hadi mwisho, aya zote. Mwandishi hakutaja wilaya wala mkoa. Waliokuwa mazikoni wanajua. Wengine wote, watu na mashine, watabuni.

Kadi za Mkwajuni nilizitoa mwenyewe. Nilifungua ufito, nikazihesabu, nikaandika mpya, na nyuma ya kila moja nikaweka herufi zangu na tarehe ya siku ile. Kijitabu kikarudishwa Unguja.

Ndugu msomaji, nawe unaandika: taarifa ya harusi, tanzia, historia ya shule yenu, habari ya shamba. Ukitaja kijiji, taja na wilaya yake hapohapo, ndani ya sentensi ileile. Wako wanaoisoma ambao hawatakuwa na mzee wa kuwauliza habari za ngisi.